Afande na Moto Wenye Pumzi Yake

Asubuhi ile niliondoka Lushoto mjini bila kujua ninakwenda wapi. Kwangu si jambo geni. Nilimrudishia mwenye nyumba ufunguo wa chumba changu, nikatia mswaki na shati la pili mfukoni, nikashika barabara ya kupanda kuelekea Malindi ya huku milimani, kwa sababu ndiyo niliyoiona haina watu. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya kabichi. Nikajiambia kwamba nitakapochoka, basi hapo ndipo nilipokuwa ninakwenda.

Kabla sijachoka, likanipita lori la mbolea. Nyuma lilikuwa limebandikwa alama ya manjano, mraba uliosimamishwa kwa kona yake, na ndani yake mwali wa moto umekaa juu ya duara. Nilijikuta nimesimama kando ya barabara, uso juu, nikinusa upepo unatoka upande gani. Lori lilipokwisha kukata kona ndipo nikacheka peke yangu. Hakuna moto uliokuwa unawaka. Ni mazoea tu, na aliyenitia mazoea hayo ni mwanamke mmoja niliyemfahamu miaka mingi, na ambaye nilimwona kwa macho yangu akinyimwa marahaba mbele ya kanisa, watu wakitoka ibadani. Aliwahi kusimama mbele ya moto ambao sijaona tena mfano wake, hakutikisika. Marahaba ile aliyonyimwa ndiyo iliyomwondoa milimani kwetu.

Tulimwita Afande. Jina lake lilikuwepo, lakini sijamsikia mtu akilitumia. Alikuwa mtu wa Tanga mjini, alitumikia zimamoto mpaka akastaafu, kisha akapanda Lushoto na masanduku mawili na buti za mpira. Alipoulizwa kwa nini ameiacha pwani, alijibu, "Nimekaa na joto maisha yangu yote. Nataka kuzeeka na baridi." Alipoipata hiyo baridi, hakuacha kuilalamikia hata siku moja. Alivaa masweta mawili chini ya baibui, akajifunga kanga kiunoni, na bado ukimpita njiani alikuambia, "Huku kwenu Mungu amesahau kufunga dirisha."

Ungedhani mtu wa hivyo atakaa na jiko la mkaa chumbani kama sisi wengine. Hakuwa nalo. Chumbani mwake hapakuwaka kitu, hata mshumaa. Na alikuwa mwanamke wa Tanga, aliyelelewa katika harufu ya udi na ubani. Ubani aliuweka ndani ya kopo, na kila Alhamisi jioni alifungua kifuniko, akainamisha uso, akavuta harufu, akafunga. Basi. Nilimwuliza siku moja kama anaogopa moto. Akaniangalia kama mtu aliyetukaniwa jamaa yake.

"Simwogopi. Namheshimu. Wewe mgeni wako ukimheshimu unamwita aje kulala kitandani kwako?"

Alichokiogopa ni kinyonga. Milima yetu ina vinyonga wa kila namna, na Afande aliwaogopa wote, mkubwa kwa mdogo. Siku moja tulikuwa tunashuka kutoka Gare, mmoja akawa anavuka njia kwa ule mwendo wake wa kusitasita, mguu mbele, mguu nyuma. Afande akasimama. Tukangoja. Kinyonga akafika katikati ya njia, naye akasimama.

"Afande," nikasema, "wewe umeingia kwenye ghala la katani linawaka, unasimamishwa na mdudu huyu?"

"Moto najua unataka nini," akasema, hajaondoa macho. "Huyu anataka nini? Hebu mwangalie jicho moja linaangalia wapi na jingine wapi."

Tulizunguka kwa bondeni, tukafika tumechelewa na matope magotini.

Mimi aliniita Kiguu na Njia. Niliacha shule darasa la sita, si kwa ujinga wala kwa shida. Dirisha la darasa lilikuwa linatazama barabara. Tangu hapo nimesoma kila kilichoandikwa juu ya kitu kinachopita: magunia, mapipa, makatoni, milango ya malori. Nadhani ndiyo sababu Afande alinipenda. Watu wengine walikuja kwake na maswali ya kuombea msaada. Mimi nilikuja na vibandiko. "Afande, leo nimeona fuvu na mifupa." "Afande, pipa lina samaki aliyekufa na mti mkavu." Akanieleza moja baada ya jingine, kwa subira, kama bibi anayemweleza mjukuu ukoo. Mwisho tukafika kwenye mwali juu ya duara.

"Hiyo," akasema, "ni dawa zenye pumzi. Zenyewe pengine haziwaki. Zinaupa pumzi moto wa kitu kingine."

Nilimwelewa siku aliyowaita wauza pembejeo na wakulima kwenye ukumbi wa kanisa. Mimi nilikuwa pale natengeneza mabenchi. Aliuliza nani ana kiberiti, mikono kumi ikaingia mifukoni. "Wekeni, sihitaji," akasema. Akatia vitu viwili juu ya sahani ya bati, akarudi nyuma, akaweka mikono mgongoni. Ukumbi ukanyamaza. Kimya kile kikarefuka mpaka mtu mmoja nyuma akacheka: "Afande, umesahau kiberiti!" Watu wakacheka naye. Hapo hapo sahani ikafuka moshi, ikatoa mwali mweupe wenye zambarau pembeni, na kicheko kikakatika kama kamba.

Hakuishia hapo. Alichukua sufuria akaufunika ule moto, akakalia kiti kando yake. Sisi sote tunajua moto ukiufunika unakufa. Ule haukufa. Tuliusikia ukifoka chini ya sufuria, na ubavu wa sufuria ukaanza kubadilika rangi.

"Moto wa kuni ukiuziba unakosa pumzi," akasema, sauti ya chini kabisa, tukainama kumsikia. "Huu umekuja na pumzi yake mfukoni. Mchanga hautaki. Blanketi hautaki. Ule unga wa mitungi myekundu mnaouona ofisini, unaucheka. Kwa moto huu kuna maji mengi, au kuna miguu. Maji mengi, nasema. Haba na haba ni ya kibaba, si ya huu. Huna maji mengi? Tumia miguu."

Nimetembea sana, nimeona maporomoko ya maji na nimeona mawingu yakipita chini ya miguu yangu, lakini sijaona kitu kilichonitia kicho kama mama yule mwenye masweta mawili, amekaa kando ya sufuria inayofoka, anatuambia tukimbie.

Maneno yake hayo yalimletea jina baya mapema. Milimani kwetu jirani akipata shida watu wote hutoka. Nyumba ikiungua, kila mtu hufika na ndoo au na tawi bichi, na asiyefika anakumbukwa. Sasa hapa kuna mtu wa zimamoto ambaye amri yake ya kwanza, popote, ilikuwa, "Rudini nyuma!" Wengine wakamwita Mama Rudi Nyuma. Tena hakukimbia kamwe. Akiitwa kwenye tukio alikuja kwa mwendo wa mtu anayekwenda dukani, anatazama majani ya miti yanaegemea wapi. Walimtania: "Afande, moto unakusubiri unywe chai kwanza?" Naye hakuudhika. "Anayekimbilia moto hufika mapafu matupu. Atapigana na nini?"

Na kucheka alijua. Pipa la dawa ya kutibia maji lilidondoka kutoka kwenye pikapu sokoni, likapasuka, unga mweupe ukatapakaa. Wauza vitunguu wakaja mbio na maranda. Kwetu maranda ya mbao ndiyo dawa ya kila kilichomwagika. Oili, maziwa, damu ya mbuzi, unayamwagia, yanakunywa, unafagia. Sauti ya Afande siku hiyo ilifika mpaka stendi. "Yarudisheni hayo maranda! Mnamtandikia moto godoro!" Akaagiza koleo safi na kavu, ndoo safi na kavu, akauchota ule unga mwenyewe akiwa amesimama upande upepo unapotokea, na kifuniko akakiegesha tu. "Usikikaze. Ukikikaza kitakutapikia."

Mpagazi mmoja alikuwa amemwagikiwa na unga ule suruali nzima, akaanza kuifungua mkanda. "Usivue! Maji kwanza, ndipo uvue!" Mpagazi akaona anadhalilishwa, akajimwagia maji ya kuridhisha tu, akaenda nyuma ya kibanda kuivua, akaianika karibu na jiko la muuza chipsi. Ilipokauka ikashika moto yenyewe mara moja, kama karatasi. Hakuumia, alikuwa hayumo ndani yake. Alikwenda kwake amejifunga kanga ya Afande, na Afande akacheka mpaka akakaa chini kwenye magunia ya karoti. Halafu akanyamaza ghafla, akaniambia, "Kiguu na Njia, ingekuwa bado ameivaa."

Nimeeleza hayo ili ujue kwamba alikuwa anajua, na kwamba sisi tulikuwa tumeambiwa.

Sasa nije kwenye ghala. Ni katika kijiji kimoja juu ya barabara hii hii, jina lake nitaliacha. Chama cha wakulima kilikuwa na ghala lililoshikana ukuta na kiwanda kidogo cha mbao, na ng'ambo ya uchochoro kulikuwa na zahanati. Mwenyekiti wa chama alikuwa mzee wa kanisa, mtu mrefu, mpole, aliyemzidi Afande kwa umri kwa mbali. Walipendana. Afande akifika alikunja goti kidogo, "Shikamoo, baba," na mzee akaitika kwa kuvuta, "Marahabaa, mwanangu." Afande aliniambia kwamba baba yake mzazi aliitika vile vile, na kwamba wakati mwingine hupanda kilima chote kile kwa ajili ya neno hilo tu.

Lakini ghala lilimnyima usingizi. Ukungu wa kule unaingia hadi ndani ya sakafu. Mbolea ikilala chini inakula unyevu na kuwa jiwe. Basi wanakijiji walifanya kilichokuwa karibu: waliitandikia maranda kutoka kiwandani, tabaka nene, na juu yake wakapanga magunia ya mbolea ya kukuzia, na mapipa ya dawa ya mradi wa maji. Mimi mwenyewe niliyabeba maranda hayo. Nilikuwa kibarua pale kiwandani.

"Baba," Afande alimwambia mzee, nami nipo, "hii mbolea umeilaza kitandani."

"Sakafu ina maji, mwanangu. Maranda yanakunywa."

"Yanakunywa na dizeli ya misumeno pia."

"Tangu babu zetu tunalaza vitu juu ya maranda."

"Babu zenu walilaza viazi, baba."

Mzee akacheka, akaahidi kwamba wakishavuna watajenga kwingine. Wakavuna, wakapanda tena. Afande akarudi, akakunja goti, akasema yale yale. Safari moja alileta matofali kwa gharama yake, magunia yainuliwe juu yake. Aliporudi akakuta wamejengea banda la mbuzi. Akaleta mengine.

Moto ulitokea mchana, jua limetoka. Kiwandani walikuwa wananoa misumeno, na cheche ni kitu tunachokiona kila siku. Sikuiona ilipoingia. Nilichoona ni moshi unatoka chini ya ukuta wa ghala, na haukuwa moshi ninaoujua. Ulikuwa na rangi ya kutu. Afande siku hiyo alikuwa zahanati, amekuja kumtazama mama aliyejifungua. Alitoka na buti zake na kanga, akatazama moshi, akatazama miti ya mikaratusi inaegemea wapi. Akaanza kutembea. Hakukimbia.

Watu walikuwa wamekwisha kufika na ndoo. Wanaume wanaparura udongo kwa majembe na kuutupia mlangoni. Mwenyekiti alikuwa mbele yao, amejifunga shati usoni, anataka kuingia. Ndani mlikuwa na mbolea na mbegu ya msimu mzima, ya kila kaya, na yeye ndiye aliyekabidhiwa.

Afande akasimama katikati ya mlango. "Baba, rudi nyuma."

"Nipishe, mwanangu."

"Sikupishi."

"Hiki ni chakula cha watu!"

"Na wewe ni mtu."

Mzee akamsukuma. Na hapo Afande akafanya jambo ambalo kwetu halifanywi: alimshika mzee wa kanisa kwa ukosi wa shati, mbele ya mkewe na wakwe zake, akamgeuza, akamsukuma mgongoni kama anavyosukumwa mlevi. Watu wakapiga ukelele wa fedheha. Yeye hakusikia. Sauti ile ya sokoni ikatoka: "Nyuma wote! Nyuma ya kile kilima! Wazee, watoto, wote! Kiguu na Njia, mpira wa maji wa kiwanda ulete zahanati!"

Maji yalikuwepo kidogo, ya tangi moja la mserereko, yanayoshuka yenyewe bila pampu, na mpira mmoja. Watu walidhani atayaelekeza ghalani. Aliyaelekeza zahanati. Aliloanisha paa, akaloanisha ukuta unaotazama uchochoro, akaloanisha vizingiti vya madirisha, huku akina mama wanatolewa mlango wa nyuma na vichanga vyao. Nilisimama naye kwa muda. Joto lilikuwa linanivuta ngozi. Moto mle ndani haukuwa unawaka kama moto. Ulikuwa unavuma, kama kitu kinachovuta pumzi ndefu na hakitaki kuitoa. Nikamtazama usoni. Nitasema nilichokiona: alikuwa ametulia kama mtu anayemsikiliza mzungumzaji anayemfahamu, anangoja amalize sentensi. Halafu akaacha mpira umefungwa kwenye nguzo, maji yanamwagika ukutani, akanishika mkono. "Sasa miguu," akasema. Na siku hiyo, mara moja tu, nilimwona Afande akikimbia.

Tulikuwa tumeshalala nyuma ya kilima na kijiji kizima wakati kishindo kilipotoka. Ardhi ilituinua ikaturudisha. Mabati ya ghala tuliyakuta baadaye yamening'inia kwenye mikaratusi. Ghala halikuwepo, kiwanda hakikuwepo. Zahanati ilibaki imesimama, madirisha yote yamevunjika, ukuta unafuka mvuke. Hakuna mtu aliyekufa. Hakuna hata mmoja. Lori la zimamoto lilipofika, likiwa limepanda kona zile zote kutoka chini, walikuta kazi ya kupoza majivu, na mkubwa wao akashuka, akampigia Afande saluti.

Kijiji hakikumpigia. Siku za kwanza walikuwa wamepigwa na butwaa, kisha njaa ya msimu ule ikaanza kuonekana kwa mbali, na watu wakaanza kusema. Alikuwa na maji, akaimwagia nyumba isiyoungua. Tungeyamwaga mapema ghalani pasingelipuka. Alimkamata mzee kama mwizi. Mwenyekiti mwenyewe hakusema kitu. Jumapili iliyofuata Afande alipanda kilima, mtu wa dini nyingine, akangoja nje ya kanisa mpaka ibada iishe. Mzee alipotoka, akakunja goti.

"Shikamoo, baba."

Mzee alimtazama. Kwetu shikamoo si mapambo. Hata aliyekuibia ukimwamkia huitikia, kisha ndiyo mgombane. Mzee alivaa kofia yake, akapita. Afande alibaki amekunja goti kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, kama mtu aliyesahau namna ya kuinuka. Baada ya hapo vijana nao wakaacha kumwamkia. "Habari," walimwambia, mtu wa umri wake, "habari," na kupita.

Nilimwambia wana makosa. Nilitaka akasirike. Alikuwa anakohoa tayari. Moshi ule wa kutu ulikuwa umemwachia kitu kifuani.

"Labda wana haki," akasema. "Labda maji yale yangetosha. Mimi niliona hayatoshi. Moto ukishakwisha, Kiguu na Njia, haurudi kutoa ushahidi."

Mtu yule aliyekuwa anajivuna hata kwa namna anavyofunga kamba! Akafungua kopo la ubani, akanusa, akafunga. Miezi michache baadaye nilirudi kutoka matembezi yangu nikakuta nyumba yake ina mpangaji mwingine, naye ameshaweka nondo madirishani. Afande hakuwa na nondo hata moja. Redio yake iliibwa kwa ajili hiyo, na bado alikataa. "Mwizi anataka kuingia mara moja tu. Mimi nitataka kutoka." Wageni wake wote aliwaamuru waache viatu vimeelekea mlangoni, ili ukiamka na moshi miguu ijue njia.

Hayo yote nilikuwa ninayafikiri nikifuata barabara aliyopita lori, na bila kukusudia nikajikuta kijijini pale pale. Ghala jipya limejengwa peke yake katikati ya uwanja, mbali na kila kitu, sakafu ya mawe, magunia yamekaa juu ya matofali. Sikuona hata uzi mmoja wa randa. Juu ya mteremko kuna tangi kubwa la maji. Watoto walikuwa wanacheza, mmoja akapaza sauti, "Rudini nyuma!" na wote wakatimua mbio nyuma ya kilima, wakicheka.

Mwenyekiti alikuwa amekaa kizingitini, amezeeka sana, fimbo magotini. Nikamwamkia, akaitikia.

"Mgosi," akasema, kama Wasambaa wanavyomwita mwanamume, "wewe si yule kibarua wa maranda?"

"Ndiye, babu."

Akanionyesha kipande cha ardhi nyuma ya banda la mbuzi, cheusi, hakioti kitu. "Yale mabaki tuliyofagia, yamechanganyika na maranda, nilikataa yatupwe. Niliona mali. Nikayaweka pale. Siku moja yakashika moto, sijui kwa nini. Nikaenda na jembe langu. Nikayafukia. Nikafukia mpaka nikawa na kaburi kabisa, nikasimama juu yake." Akagusa ardhi kwa fimbo. "Mgosi, liliwaka chini ya udongo. Nililisikia chini ya miguu yangu linavuta pumzi. Nikaona moshi wa kutu unatoka kwenye nyufa. Nikajua kwamba ningeingia ndani siku ile nisingetoka."

"Ulifanya nini, babu?"

"Nilitumia miguu."

Hatukucheka. Akauliza kama bado natembea ovyo. Nikasema ndiyo. Akasema amesikia Afande yuko Zirai, kule Muheza, kwa mtoto wa dada yake. Yeye mwenyewe magoti hayamruhusu kushuka hata barabarani. "Ukimwona mpe shikamoo yangu."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Babu, wewe ndiye mkubwa. Yeye ndiye wa kukuamkia."

"Nimesema shikamoo," akasema mzee. "Nani amekuomba unifundishe adabu?"

Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza tangu niache shule, nikawa na ninakokwenda. Nilishuka Mombo, nikavuka tambarare ya mkonge kwa lifti za malori, nikapanda tena milima ya upande wa pili, ambako sijawahi kufika. Kule mvua ni ya joto na mlima unanuka iliki. Nilifika Zirai alasiri, nimeloa, nikauliza nyumba ya mama wa zimamoto, na mtu wa kwanza niliyemwuliza akacheka. "Yule anayemzungukia kinyonga?"

Alikuwa barazani, amekonda, buti za mpira miguuni, sweta moja tu. Kukohoa kumemzidi. Nikamwamkia, akaitikia, akanitazama mpaka akanipata.

"Kiguu na Njia! Una pa kulala?"

"Sina."

"Unapo. Ingia." Alinipeleka chumba cha nyuma, chenye kitanda cha kamba na dirisha wazi. "Mlango wa kutokea huu. Huu ukizibwa, dirisha. Ukitoka, simama kwenye ule mchungwa, nikuhesabu."

Nikamwambia kuhusu ghala jipya, tangi, matofali. Alisikiliza anatazama chini. Nilipofika kwenye ardhi nyeusi nyuma ya banda la mbuzi akainua uso. Nikamwambia mzee alisimama juu yake na akasikia. Kisha nikampa nilichotumwa, neno lile lile moja, kama nilivyolibeba.

"Mwongo," akasema. "Yule ni mkubwa wangu. Ni baba yangu."

"Nilimwambia hivyo. Akanikemea."

Akageuka akashika kizingiti cha dirisha. Kutoka pale, Lushoto haionekani. Kuna milima ya karibu, na mvua, na nyuma yake tambarare nzima. Alisimama akitazama upande huo. Nikaona goti lake linakunjika kidogo, lile goti la zamani, kisha likasita, likanyooka.

"Marahabaa," akaitika, kwa kuvuta.

Alikohoa kidogo, akajifuta macho kwa pindo la kanga, akatazama miguu yangu.

"Haya, vua viatu ulale. Na vielekeze mlangoni."